Mtoto Aliyetumwa Dukani: Hotuba ya Mwenyekiti



Wenzetu wawili tuliokuwa nao mwaka 2015 tulipoanza hawako leo, Mungu awarehemu. Tulianza akina mama 22 chini ya mwembe, kila mmoja na shilingi 100 kwa wiki, na daftari moja ambalo mpaka leo Katibu analo, limeliwa na mchwa pembeni. Mambo ya hesabu, mikopo, viti na mahema ya kukodisha mtayasoma katika taarifa ya Mweka Hazina humu humu kijitabuni, kwa hivyo mimi sitayarudia. Kamati iliniomba nizungumze jambo moja tu, nalo ni biashara zetu na watoto. Maana katika wanachama 34 tulio nao sasa, 19 wana duka au kibanda au wanauza kitu cha kunywa, na pesa zetu nyingi tulizokopeshana ndiko ziliko.

Mmoja aliniuliza juzi, Mwenyekiti, siku ya furaha unatuletea habari za sheria? Nikamwambia ndiyo, kwa sababu sheria hiyo hiyo mwaka 2022 ilikaribia kukivunja kikundi hiki, na waliokuwapo wanajua sisemi chumvi.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, ndipo nipate uso wa kusema za wengine. Mwaka 2019 nilikuwa na duka langu pale pale lilipo sasa. Kulikuwa na kijana mmoja, mtoto wa darasa la sita, miaka 12 hivi, mtoto mwenye adabu sana. Jioni anakuja, "Shikamoo nyanya." Marahaba mwanangu. "Babu anasema umpe sigara mbili, uandike." Mimi babu yake namjua, ni jirani, mtu mzima anayeheshimika, na nilimjua ni mvutaji tangu mimi kuolewa hapa mtaani. Basi naandika. Siku nyingine sigara mbili, siku nyingine tatu. Mwisho wa miezi miwili nikachukua daftari langu la madeni nikaenda kwa mzee kudai, nimejifunga leso vizuri, sina wasiwasi. Nikamsomea: sigara 47, shilingi 470.

Mzee akaniangalia. Akaniambia, "Mama, mimi sigara nimeacha tangu Ramadhani ya mwaka jana. Daktari alinikataza kwa sababu ya kifua."

Tulinyamaza wote wawili. Kisha akaingia ndani, akatoka na pesa, akazihesabu mkononi mwangu zote 470. Nikamwambia mzee siwezi kuchukua, kosa ni langu. Akakataa. Akasema deni ni deni, jina lililoandikwa ni langu. Jamani, angenitukana ningelala vizuri zaidi usiku ule.

Na mjue kwamba sikuwa mtu mbaya. Sikumuuzia mtoto sigara, au ndivyo nilivyojiambia. Nilimuuzia babu kwa mkono wa mtoto. Sisi sote tumelelewa hivyo, mtoto hutumwa dukani. Anatumwa chumvi, anatumwa mafuta ya taa, anatumwa sigara ya baba, na mtoto asiyetumika anaambiwa hana adabu. Hata mimi nilipokuwa mdogo nilimnunulia marehemu babangu sigara, nikapewa chenji ninunue kashata. Ndiyo maana nasema mtoto mgumu wa kumkataa si yule mhuni anayekuja na wenzake wanacheka. Yule unamjua, unamfukuza. Mgumu ni huyu mwenye shikamoo yake, aliyetumwa.

Sasa sheria inasemaje? Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini tulimwomba mtu anayejua akatusomea polepole, na nitaeleza nilivyoelewa. Sigara ziko chini ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007. Pombe iko chini ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile watu waliyozoea kuiita sheria ya Mututho kwa sababu ya mbunge wa Naivasha aliyeipeleka bungeni. Zote mbili mpaka wake ni miaka 18. Ile ya pombe inasema usimuuzie aliye chini ya miaka 18 na wala usimpe. Haiulizi chupa inakwenda kwa nani. Mtoto akiondoka na chupa mkononi, wewe umeshampa, hata kama baba yake yuko kibarazani anaingoja. Ukipatikana na hatia faini inaweza kufika shilingi 150,000, au kifungo cha miezi kumi na miwili, au vyote viwili. Shilingi 150,000 ndugu zangu ni kibanda kizima na bidhaa zake, na wengine humu ni vibanda viwili.

Iko na mengine ambayo wenye duka wengi hawayajui. Sigara haifai kuuzwa mojamoja, pakiti ni lazima iwe na sigara zisizopungua kumi. Nikisema hivi nasikia minong'ono, najua, kwa sababu sote tumeuza mojamoja na ndiyo iliyokuwa faida yetu. Lakini fikirieni. Mtoto wa shule hana pesa ya pakiti. Ana shilingi kumi ya mandazi. Ile moja moja ndiyo mlango wake wa kuingilia. Pombe ya vifuko imekatazwa kwa sababu hiyo hiyo, ilikuwa inaingia mfukoni mwa shati la shule. Na mahali pa kuuzia pombe hapatakiwi kuwa ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto. Pia ni lazima uweke tangazo mahali linapoonekana. Leseni ya pombe siku hizi tunaipata kwa kaunti, na ukienda bila kujua haya unaweza kulipia leseni ya mahali ambapo hapakubaliki, ukapoteza mara mbili.

Nirudi kwenye hadithi. Baada ya yale ya mzee, niliacha. Niliacha peke yangu, kimya kimya, kwa aibu. Mtoto akija namwambia sigara hakuna. Nikajiona nimefanya la maana. Kumbe yule kijana alivuka barabara tu. Dukani alikokwenda ni kwa nani? Kwa mwanachama mwenzangu wa kikundi hiki hiki, tuliyekuwa tukikaa naye benchi moja kila Jumapili. Yeye hakujua, mimi sikumwambia. Na si yule kijana peke yake, hata akina baba waliokuwa wakituma watoto kwangu walihama, na walipohama sigara walihama na unga na sukari. Mimi nilipoteza wateja, na mtoto hakupoteza hata sigara moja. Nilijifurahisha roho tu.

Ndipo ikaja mwaka 2022. Mwenzetu mmoja, na amenipa ruhusa niseme, yuko hapa amekaa, alikuwa na duka la vileo lenye leseni halali. Tulimkopesha sisi shilingi 45,000 kuliongeza. Siku hiyo alikwenda mazishini akamwacha mpwa wake dukani, kijana mzuri lakini mgeni wa kazi. Vijana wawili wa sekondari wakaja, wamevua sweta za shule wamezifunga kiunoni. Akawauzia. Hawajafika mbali wakakutana na wakaguzi. Mwenzetu aliporudi kutoka mazishini alikuta duka limefungwa. Alikwenda mahakamani akatozwa faini ya shilingi 60,000, na mkopo wetu ulikuwa umebaki 31,000.

Akaja kikundini akaomba mfuko wa dharura umlipie. Sitasahau Jumapili zile tatu. Wengine walisema mfuko ni wa ugonjwa na msiba, na huu ni msiba. Wengine wakasema, nikiweka akiba yangu ya miaka saba ilipe faini ya aliyewauzia watoto pombe, na mmoja wa watoto hao angekuwa wangu? Tulipigiana kelele mpaka jirani akaja kuangalia. Mwisho tulipiga kura. Faini hatukulipa. Mkopo tulimpa miaka miwili alipe bila riba, na amelipa wote, tumpigie makofi. Lakini wanachama watano waliondoka, watatu kwa kuona tumekuwa wakatili na wawili kwa kuona tumekuwa wapole. Mimi mpaka leo sina hakika kama tulifanya haki yote. Ninachojua ni kwamba pesa zile zilikuwa za kila mtu.

Kutokana na hapo ndipo tukapitisha azimio ambalo limo kwenye katiba yetu: mwanachama mwenye biashara haongezewi mkopo mpaka kamati ya watu watatu itembelee duka lake na kuona mambo fulani. Nitayaeleza jinsi tunavyoyafanya, maana wageni wengine wameniuliza na vikundi viwili vya jirani vimetaka kujua.

La kwanza ni nani amesimama dukani. Hili tuliliona kubwa kuliko yote. Sisi akina mama tunatoka, tunakwenda kliniki, tunakwenda kupika, tunamwachia mtoto wa miaka 11 aangalie duka. Mtoto wa miaka 11 atamkatalia nani? Akija kijana wa miaka 16 anamwita kaka. Hata mtu mzima akimwambia "toa hiyo" anatoa, kwani ndivyo tulivyomfundisha kutii. Sheria ya pombe yenyewe haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kuuza pombe, na sisi tukaongeza sigara kwa amri yetu wenyewe. Ukitoka na kumwacha mtoto, sigara zinafungiwa ndani ya kabati na ufunguo unakwenda nao. Mteja akikasirika, arudi baadaye. Na ukimwacha mtu mzima, mweleze. Yule mpwa hakuelezwa kitu, aliachiwa bei tu.

Halafu kitambulisho. Tulikuwa tunauliza, "Una miaka mingapi?" Hilo ni swali la bure, kila mtoto ana jibu lake tayari. Wala usitazame ndevu au kimo, siku hizi watoto wanakua kama mihogo wakati wa mvua. Kitambulisho cha taifa kinatolewa mtu akifika miaka 18, basi kiombe. Binti wa mwenzetu mmoja anafanya kazi dukani huko Uingereza, akatueleza kwamba maduka mengi ya kule yana desturi ya kumwomba kitambulisho yeyote anayeonekana hajafika miaka 25, ijapokuwa mpaka wa sheria yao ni 18 kama sisi. Nikaona ni akili nzuri. Kwa njia hiyo hujamtukana mtu kwamba anaonekana mtoto, unamwambia tu hapa tunamwuliza kila kijana.

Na kwa sisi tusiopenda hesabu, nimetundika kipande cha ubao karibu na mizani. Kila asubuhi naandika kwa chaki tarehe ya leo, lakini mwaka natoa 18. Mwaka 2025 niliandika 2007. Aliyezaliwa baada ya tarehe iliyo ubaoni haondoki na kitu. Huna haja ya kukokotoa mbele ya mteja ukababaika, unalinganisha tu. Wenzangu walinicheka mwanzoni, sasa kila duka lina ubao.

Liko tatizo hapa ambalo nisilifiche. Vijana wetu wengi hapa Pwani wamechelewa kupata vitambulisho. Kuna kijana ana miaka 22, ana mke, hana kitambulisho, anangoja. Unamkatalia sigara anaona unamwonea, na kweli ni uchungu. Tumekubaliana kwamba akileta cheti cha kuzaliwa na unamjua kwao, sawa. Asipokuwa na kitu chochote, hapana, hata ukijua kwamba ni mtu mzima. Nimewakatalia kadhaa. Mmoja aliniambia, "Serikali hainipi karatasi, na wewe nyanya hunipi sigara, sasa mimi ni nani?" Sikuwa na jibu. Nilimpa maji baridi, bila malipo.

Sasa wale wanaotumwa. Maneno ya kusema tuliyatunga pamoja kwenye mkutano, kila mtu akaleta yake, kwa sababu ukimkatalia mtoto vibaya unamdhalilisha na babake anakuja juu. Mtoto akisema ametumwa, tunamwambia: "Mwanangu, mwambie baba nyanya anamsalimu sana, na kitu hicho aje mwenyewe." Basi. Salamu inakwenda, sigara haiendi. Mtoto hajagombezwa, hajafanya kosa, ametii wazazi. Na hatukumwambia uongo kwamba zimekwisha, kama nilivyokuwa nikisema mimi hapo awali, maana mtoto huziona nyuma yako.

Akina baba walikuja juu, msinifiche, wengine mko hapo nyuma mnacheka. Mmoja alikuja dukani kwangu saa mbili usiku na fulana yake ya ndani. "Mtoto ni wangu, namtuma nitakako, wewe ni nani?" Nikamwambia, baba, mtoto ni wako kweli, lakini faini ni yangu. Utanilipia? Akanyamaza. Nikamletea kiti. Tukazungumza mpaka akanunua na mkate. Yule sasa anakuja mwenyewe kila jioni, na mkewe ananiambia angalau anatembea.

Lakini tusingeweza kama si pamoja. Katika mtaa wetu kuna maduka 11, na tisa ni ya wanachama. Tulianza wote siku moja, tarehe mosi Januari mwaka 2023, ili mtoto akivuka barabara akute jibu ni lile lile. Yale mawili yaliyobaki tulikwenda kuzungumza na wenyewe. Mmoja alikubali siku hiyo hiyo. Wa pili alisema biashara ni biashara. Mpaka leo anauza mojamoja, na mpaka leo watoto wanakwenda kwake. Tumeongea na mzee wa mtaa, na imamu na mchungaji walitusaidia kutangaza, nawashukuru, lakini huyu bwana bado. Siwezi kusema mtaa wetu umekuwa msafi wakati si kweli.

Imezuka pia hila mpya, ya simu. Baba anatuma pesa kwa M-Pesa, anapiga simu, "Mama, nimekutumia, mtoto anakuja kuchukua." Pesa zimetoka kwa mtu mzima, jina la mtu mzima, unaona umeuza kwa mtu mzima. Lakini anayeondoka na kitu ni nani? Ni yule yule mtoto. Mrudishie pesa zake ama zikae mpaka aje. Daftari la madeni nalo tumelibadilisha, tunaandika aliyekopa na aliyechukua, safu mbili. Ningekuwa na safu ya pili mwaka 2019, ningeona jina la yule kijana mara 20 na zaidi likinikodolea macho.

Kwa akina mama wanaouza mnazi mambo ni magumu zaidi, na nataka wenye maduka waelewe. Tangu sheria ya 2010 ifute ile ya zamani iliyopiga marufuku chang'aa, pombe za kienyeji nazo zimekuwa chini ya sheria hiyo hiyo, leseni na umri na saa. Baa inafungua saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku, na Jumamosi, Jumapili na sikukuu kuanzia saa nane mchana. Lakini mangwe haiko mjini kwenye jengo, iko nyumbani, chini ya mkorosho. Watoto wa nyumba wanapita wakienda chooni, wanaokota chupa, wanatumwa mirija. Mwenzetu mmoja alisema, mnaniambia watoto wasiwe kwenye mangwe, na mangwe iko uani kwangu, niwapeleke wapi? Tulikaa naye tukaona njia. Kikundi kilimkopesha 8,000, akajenga ua wa makuti, akahamisha mlango wa wateja ukatazama njia ya nyuma, na choo cha nyumbani kikabaki upande wa watoto. Ni kazi ya siku nne tu. Sasa wanawe wanafanya kazi ya shule barazani na hawamjui aliyelewa leo ni nani. Mimi si mnywaji na dini yangu haniruhusu, lakini ua ule nilikwenda kuusaidia kuusuka kwa mikono yangu.

Mengine niyapitie haraka. Vile vikopo vidogo vyenye vifuko vya nikotini, vinavyofanana na pipi, usiviweke karibu na pipi. Wala usimuuzie mtoto, hata mtu wa gari la bidhaa akikuambia si sigara. Mashine za kamari za kutia sarafu, mwenzetu mmoja aliletewa aweke nje ya kibanda apate kodi. Alikataa, na ninampongeza, maana kamari pia si ya walio chini ya miaka 18, na wanaosimama pale na sarafu zao ni kina nani kama si watoto? Gundi ya mafundi viatu sisi tumeamua wenyewe, tunamuuzia fundi tunayemjua tu. Na muguka, mwezi wa tano mwaka 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilitoa amri ya kuupiga marufuku, kesi ikapelekwa mahakama ya Embu na amri zikasimamishwa. Sisi hatukungoja majaji wamalize. Kwa mwanachama wetu, muguka kwa mtoto ni hapana.

Mmesikia pia kwamba mwaka 2025 serikali ilitoa sera inayotaka umri wa pombe upandishwe uwe miaka 21. Wengine wameanza kubishana dukani. Sera ni maombi, bado si sheria, na ubao wangu unabaki kwenye 18 mpaka bunge lipitishe. Ikipita, nitatoa 21 badala ya 18, chaki ni ile ile.

Sasa hasara, maana kuna mtu ataniuliza. Ndiyo, tulipoteza. Duka langu lilikuwa likiingiza kama shilingi 300 kwa siku kwa sigara za mojamoja, na miezi mitatu ya kwanza nilihisi. Wawili walichelewesha marejesho. Ndipo tukaanza kununua unga, sukari na mafuta pamoja kwa jumla, magunia yanashushwa kwa Mweka Hazina, kila duka linachukua lake kwa bei nafuu. Faida ile haijaziba yote. Imeziba kiasi. Mwenye duka dogo kabisa miongoni mwetu ndiye aliyeumia zaidi, na kamati imependekeza apewe nafasi ya kwanza ya mkopo mwaka ujao. Mtapiga kura Jumapili ijayo, msiseme hamkuambiwa.

Mzee yule wa sigara 47 alifariki mwaka 2021. Mjukuu wake tulimhangaikia, mimi na mamake na ustadhi wake, aliacha, akarudi, akaacha. Mwaka 2025 mwezi wa saba alikuja dukani kwangu mchana. "Shikamoo nyanya." Marahaba. Kabla sijauliza alitoa kitambulisho kipya, bado kinang'aa, akakiweka juu ya kaunta akakisukuma mpaka kwangu. Nikatazama ubaoni, nikatazama tarehe yake. Alikuwa amefikisha miaka 18 kwa siku sita. Akataka pakiti moja, akalipa taslimu. Nikampa.

Karatasi za matangazo za kubandika dukani ziko kwa Katibu, kila mwenye duka achukue mbili, moja ya mlangoni na moja ya karibu na sigara. Chaki pia zipo.